Nilichosema Kanisani na Nilichonyamazia

Nilikuwa na umri wa miaka 18 mara ya kwanza niliposimama mbele ya kanisa kusema juu ya uavyaji mimba. Ilikuwa Jumapili ya vijana, nyumbani Bulembia, katika bonde la Kilembe, ambako mto Nyamwamba unapita karibu na nyumba kuukuu za wafanyakazi wa mgodi wa shaba. Mchungaji alinipa dakika kumi na mada yake: kijana na utakatifu wa uhai. Nilisema kwa Kikonzo, kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi mbele ya kioo. Nilisema kwamba anayetoa mimba ni muuaji kama muuaji mwingine yeyote. Nilisema hakuna kisingizio: si umaskini, si kumwogopa baba, si masomo. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na mama yangu, ambaye ni mwanachama wa Umoja wa Akina Mama, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge chake.

Katika benchi la nne alikuwa ameketi dada yangu, mtoto wa mama mdogo, aliyenizidi mwaka mmoja. Nitamwita Biira. Kwetu Wakonzo jina hilo hupewa binti wa pili, kwa hiyo ni vigumu kupata ukoo usio na Biira wake, na hakuna atakayejua ni yupi. Siku hiyo alikuwa na mimba ya miezi miwili hivi. Mimi sikujua.

Wiki tatu baadaye alianza kutokwa na damu. Alijifungia chumbani siku tatu, akisema ni malaria. Mama mdogo alipousukuma mlango alimkuta hawezi kusimama. Wakampakia kwenye bodaboda, mama mdogo akimshika kwa nyuma, mpaka kituo cha afya kilichokuwa karibu. Muuguzi aliyewapokea alimwuliza Biira kama ameitoa hiyo mimba kabla hajamwuliza jina lake. Akasema kesi ya namna hiyo ni ya polisi, na yeye hataki kuingizwa. Mama mdogo alipiga magoti. Mwishowe wakapelekwa hospitalini, na huko daktari hakuuliza lolote zaidi ya damu imetoka tangu lini. Biira alipona. Nilipokwenda kumwona nilimlaumu kwa nini hakuniambia, mimi niliyelala naye kitanda kimoja tangu utotoni. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Wewe ndiye ningekuambia wa kwanza. Lakini nilikusikia kanisani."

Sijamwuliza hadi leo kama ile mimba ilitoka yenyewe au ilitolewa. Yeye ameniruhusu niandike haya, kwa sharti kwamba swali hilo nisilijibu. Sharti hilo si gumu kwangu, maana jibu sinalo.

Naandika insha hii nikiwa bado muumini. Bado ninaamini kwamba uhai ulioanza tumboni si kitu cha kuchezea, na sijaja hapa kuikana imani hiyo ili nionekane nimeelimika. Ninalotaka kulitafakari ni jambo jingine: muumini ana uhuru gani wa kusema anachokiamini juu ya sheria hii, na akishakuwa na uhuru huo, anadaiwa nini?

Nilipofika chuo kikuu ndipo nilipoisoma sheria yenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa nikiitetea bila kuijua, kama mtu anayeapa kwa jina la jirani asiyewahi kumwona. Ibara ya 22 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa, isipokuwa pale sheria itakapoidhinisha. Yale maneno ya mwisho sikuwahi kuyasikia kanisani. Kisha ipo Kanuni ya Adhabu, ambayo tuliirithi kwa Waingereza tangu mwaka 1950. Kwa hesabu ya vifungu iliyotumika miaka mingi, kifungu cha 141 kinampa anayemtoa mwanamke mimba kifungo cha hadi miaka 14. Kifungu cha 142 kinampa mwanamke mwenyewe hadi miaka 7. Cha 143 kinampa anayeleta dawa au vifaa hadi miaka 3. Lakini mbele huko kuna kifungu cha 224, kinachosema kwamba mtu hana kosa la jinai akifanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu unaostahili, hata kwa mtoto aliye tumboni, ili kuokoa uhai wa mama, ikiwa hali ya mgonjwa inafanya jambo hilo kuwa la busara.

Waingereza walioandika sheria hiyo walikwisha kuilegeza kwao kwa sheria ya mwaka 1967. Sisi tulibaki na nakala ya zamani. Sisemi kwamba ilitupasa kuwafuata. Nasema tu kwamba tunapoiita sheria hii "utamaduni wetu" tukumbuke ilikotoka.

Bunge letu halijatunga sheria mahususi ya kufafanua ile "isipokuwa" ya Ibara ya 22. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kupunguza vifo na madhara ya utoaji mimba usio salama. Viongozi wa dini waliupinga, na mwongozo ukarudishwa kabatini. Kabla ya hapo, mwaka 2010, Uganda iliporidhia Itifaki ya Maputo kuhusu haki za wanawake wa Afrika, iliweka pingamizi juu ya kipengele kinachoruhusu mimba kutolewa kitabibu katika hali za kubakwa, za mimba ya maharimu, na pale afya au uhai wa mama unapokuwa hatarini. Hapo pia sauti za makanisa zilikuwa zimesikika. Kwa hiyo asidanganyike mtu kwamba muumini wa Uganda hana sauti katika jambo hili. Anayo, na inafika mbali.

Inafika mbali, lakini haivuki mto. Anayetoka Kasese kwenda Bwera na kuteremka hadi mpaka wa Mpondwe ataukuta mto Lhubiriha, na ng'ambo yake Kasindi, ardhi ya Kongo. Siku za soko watu huvuka na maharage, kahawa, mafuta ya mawese na vitenge. Mkonzo wa huku na Mnande wa huko wanasikilizana bila mkalimani, na wasiosikilizana hushikana na Kiswahili. Wanasali sala zilezile. Lakini Kongo iliridhia Itifaki ileile bila pingamizi hilo, na mwaka 2018 ikaichapisha katika gazeti lake rasmi la serikali, ingawa sheria yake ya jinai ya zamani ilikuwa ikikataza kama yetu. Basi msichana aliyebakwa ana haki moja kwenye ukingo huu na haki nyingine kwenye ukingo ule, angalau kwenye karatasi. Nasema kwenye karatasi kwa sababu vita vya mashariki ya Kongo vimeyafanya mengi yaliyoandikwa yasifike kijijini. Hata hivyo, tangu nilijue jambo hili, siwezi tena kusema kwamba sheria ya Uganda juu ya mimba imeshuka kutoka mbinguni. Mbingu ya Bwera na ya Kasindi ni moja.

Mwaka jana, katika mdahalo wa darasa letu la Kiswahili, hoja ilikuwa kwamba viongozi wa dini wazuiwe kuingilia utungaji wa sheria za uzazi. Mwenzetu mmoja alisema vizuri sana. Alisema dini ni nguo ya ndani: kila mtu avae yake, lakini asiitoe nje kuwaonyesha watu. Darasa lilicheka. Nami nikaomba nafasi ya kupinga.

Nilisema kwamba Ibara ya 29 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa kusema, uhuru wa dhamiri na uhuru wa kuabudu, na imeziweka haki hizo pamoja kwa sababu zinategemeana. Anayeamini bila ruhusa ya kusema ameachiwa nusu tu ya imani yake. Nilikumbusha kesi ya waandishi Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda, walioshtakiwa kwa habari iliyohusu dhahabu ya Kongo. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ilikifuta kifungu cha kuchapisha habari za uongo, na ikaeleza kwamba kauli haipotezi ulinzi wa Katiba kwa sababu tu wengine wanaiona si sahihi au inawaudhi. Ikiwa ulinzi huo unamfaa mwandishi wa gazeti, kwa nini usimfae mchungaji?

Nikawapeleka Kenya. Mwaka 2010 makanisa mengi ya Kenya yalipiga kampeni dhidi ya katiba mpya, sababu mojawapo ikiwa kipengele kinachoruhusu mimba kutolewa pale uhai au afya ya mama ikiwa hatarini. Yalihubiri, yalikusanya watu viwanjani, na tarehe 4 Agosti yakashindwa: karibu theluthi mbili ya wapiga kura walisema ndiyo. Hakuna askofu aliyefungwa, na katiba ikapita. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Kisha nikawageuzia upande wa pili. Mwaka 2018, Kenya hiyohiyo, matangazo ya shirika la Marie Stopes yalipigwa marufuku na bodi ya filamu kwa madai kwamba yanahimiza utoaji mimba, na waumini wengi wakafurahi. Niliuliza: ukiufurahia mkono unaoziba kinywa cha mwenzako, utasema nini mkono huo utakapokuja kwenye chako?

Mwisho nikawapeleka Uingereza. Huko, tangu Oktoba 2024, sheria inakataza kumshawishi au kumsumbua mtu ndani ya mita 150 za kliniki ya kutoa mimba. Hata kabla ya sheria hiyo baadhi ya miji ilikuwa na amri zake. Mjini Bournemouth, mwanajeshi mstaafu Adam Smith-Connor alisimama karibu na kliniki mwaka 2022, akiomba kimya kwa ajili ya mtoto wake mwenyewe aliyetolewa miaka mingi nyuma. Alikataa kuondoka alipoambiwa, na mwaka 2024 mahakama ikamtia hatiani na kumtaka alipe gharama za pauni 9,000. Nikasema kwa uchungu: kama mtu anaweza kuhukumiwa kwa kuomba kimyakimya, hakuna imani iliyo salama. Wengine walipiga meza. Nilijua nimeushinda mdahalo.

Nilipokaa, mwanafunzi mwingine, msichana asiyezungumza sana, aliomba kuuliza jambo moja. Aliuliza, "Na yule mwanamke anayepita kuingia kliniki, yeye unamjua jina?"

Sikumjibu vizuri. Nilisema kitu juu ya haki mbili kupimana kwenye mizani. Usiku sikulala. Nilikuwa nimemlilia mzee wa Bournemouth aliyekatazwa kusema na Mungu mahali fulani barabarani, nikamsahau Biira aliyekaa siku tatu akivuja damu kwa kuogopa kusema na mtu yeyote.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa langu lilipo. Halikuwa katika kudai uhuru wa kusema. Nilioudai ni haki, na nitaudai tena kesho. Sitaki serikali ya Uganda iwe ndiyo inayompangia mchungaji wa Bulembia mahubiri yake. Serikali ikianza na mahubiri ya mimba haitaishia hapo. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba uhuru wa kusema unapimwa kwa kumtazama askari tu. Kwetu hakuna askari anayenisubiri mlangoni pa kanisa. Wanaonyamaza kwetu ni wengine. Muuguzi ananyamaza kwa sababu anajua kifungu cha 141 na hajawahi kusomewa cha 224. Mwalimu ananyamaza kwa kuwaogopa wazazi. Msichana ananyamaza kwa kuniogopa mimi. Hawa hakuna mahakama iliyowahukumu kukaa kimya. Mimi na makofi ya Jumapili tulitosha.

Kuna atakayesema: basi muumini naye anyamaze, ili wengine waseme. Sikubali. Kunyamaza kwangu kusingempa Biira kitu. Alichokosa si ukimya wangu. Alikosa nusu ya pili ya maneno yangu. Nilikuwa na dakika kumi na kipaza sauti, na yote niliyosema yalikuwa juu ya hukumu. Sikusema kwamba sheria yenyewe, pamoja na ukali wake, inaruhusu uhai wa mama uokolewe. Sikusema kwamba mwanamke anayevuja damu, iwe mimba imetoka au imetolewa, ni mgonjwa, na mgonjwa hutibiwa kwanza. Kumtibu si kosa kwa sheria yoyote ya Uganda. Sikumtaja mwanamume hata mara moja, kana kwamba mimba huja na upepo wa Rwenzori. Wala sikuuliza kanisa litafanya nini na msichana atakayetii mahubiri yangu na kuilea mimba yake.

Swali hilo la mwisho si dogo. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unataka msichana aliyepata mimba arudi shuleni baada ya kujifungua. Shule zilipofunguliwa Januari 2022, baada ya karibu miaka miwili ya korona, baadhi ya viongozi wa dini walikuwa wa kwanza kukataa wasichana wenye mimba madarasani, wakisema watawaharibu wenzao. Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini tukimwambia msichana asitoe, kisha tukamwambia asisome, tumemwachia njia ipi? Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Sisi tumemwamsha, tumemtoa nje usiku, tukafunga mlango.

Likizo iliyopita mchungaji aliniomba niseme tena Jumapili ya vijana, mada ileile. Nilimweleza mapema kwamba nitasoma pia vifungu vya sheria. Alifikiri kidogo, akaniuliza kama nimeacha kuamini. Nikamwambia hapana, mzee. Akasema, "Basi soma. Lakini usilete siasa." Nikashukuru, kwa maana angeweza kunikatalia, na hiyo pia ni haki yake.

Nilisema yale niliyoyaamini zamani, kwa maneno machache zaidi. Kisha nikasoma Ibara ya 22 mpaka kwenye "isipokuwa." Nikasoma kifungu cha 224, nikakitafsiri kwa Kikonzo, na kazi hiyo haikuwa rahisi. Nikasema kwamba msichana yeyote anayevuja damu anaweza kuja kwangu hata usiku wa manane; nitampeleka hospitali na sitamwuliza kitu. Safari hii hakukuwa na vigelegele. Watu wachache walipiga makofi ya adabu. Mzee mmoja alitikisa kichwa na kutoka nje kabla ya sala ya mwisho. Biira hakuwapo; siku hizi anauza vitenge Mpondwe, na Jumapili hupumzika.

Tulirudi nyumbani mimi na mama kwa miguu, kando ya Nyamwamba, tukiyapita mawe makubwa ambayo mafuriko ya mwaka 2020 yaliyaacha kila mahali. Mama alikuwa kimya njia nzima, nami nikajua nimemwaibisha mbele ya wenzake. Tulipofika kwenye daraja akasimama.

"Kile kifungu cha kumwokoa mama," akasema, "umekisoma kwa macho yako au umeambiwa?"

"Nimekisoma, mama."

"Alhamisi tuna mkutano wa akina mama. Niandikie kwenye karatasi. Kwa Kikonzo, na herufi kubwa, macho yangu si ya zamani."